Kioo cha Mashua Juu ya Jiko la Bibi

Juzi fundi wa aluminiamu alikuja kunifungia madirisha ya nyumba yangu hapa Geita. Kijana mchangamfu, mdomo haufungi, anapiga kazi huku anasimulia mpira. Alipokata ncha ya mrija wa silikoni na kuanza kuukamua pembeni mwa kioo, harufu kali kama ya siki ikajaa sebule nzima, na mimi niliyekuwa nimesimama na kikombe changu cha chai nikaanza kutokwa na machozi. Sikuwa nalia kwa kwikwi. Yalitoka yenyewe tu, na hayakutaka kukoma.

"Pole mama, toka nje upate hewa," fundi akaniambia. "Hii kitu inachoma macho bwana. Yako yameshakuwa mekundu tayari."

Nikatoka. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma sekondari, nikamlilia bibi yangu mzaa baba, ambaye kaburi lake lina miaka mingi na nilidhani nimeshamaliza kumlilia. Kumbe wapi.

Tulikuwa tunaishi Chato, karibu na ziwa. Baba yangu, Fundi Luhende, alikuwa Msukuma wa Shinyanga vijijini, mtoto wa wafugaji, lakini aliingia kwenye uchongaji wa mitumbwi akiwa kijana na hakutoka tena. Watu wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, walimtania kwa hilo kila siku. "Mtu wa ng'ombe na mashua wapi na wapi?" walikuwa wanamwambia, na yeye anacheka tu, penseli iko sikioni, anaendelea kuranda mbao. Mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee wakati huo, Kabula, na nikitoka shule nilikuwa naenda kukaa pale kwenye maranda ya mbao mpaka Mama aje kuniita kula. Ningeweza kukaa pale maisha yangu yote.

Siku moja Baba alipigiwa simu kutoka kijijini. Alisikiliza, akasema "Naja," akaondoka na chai yake ikiwa mezani inatoa mvuke. Aliporudi kesho yake alikuwa na Bibi. Bibi alishuka kwenye pikipiki akiwa na furushi moja la nguo na mwiko wake wa kusongea ugali, ameushika mkononi kama tochi. Nilifurahi mno. Nilimrukia, nikamwamkia shikamoo huku nimemng'ang'ania, naye akaitikia marahaba, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili. Ndipo nikamwona macho. Yalikuwa mekundu, mekundu kabisa, na kope zake zimeliwa pembeni.

Nilimuuliza Mama jikoni kwa nini Bibi amekuja bila kutuambia, na bila hata kuku. Bibi hakuwahi kuja mikono mitupu. Mama alikuwa anachochea mkaa. Alifikiri kidogo, halafu akaniambia, "Bibi yako macho yamekuwa mekundu. Kule kwao watu hawataki. Yakiwa meupe, atarudi kwake."

Basi. Mimi nikaelewa hivyohivyo. Nikaelewa kwamba kijijini kwa Bibi kuna sheria, kama zile za shuleni kwetu za kukata kucha na kunyoa nywele: ukiwa na macho mekundu unahama, yakipona unarudi. Sikuona ajabu yoyote. Wakubwa wana sheria nyingi za ajabu kuliko hiyo.

Sasa najua, na nyinyi mliokulia huku mnajua bila kuambiwa. Ng'ombe wa jirani walikufa, halafu mtoto mchanga wa Mama Shija, jirani wa karibu, naye akafariki, na watu wakaanza kutafuta mchawi. Na mchawi kwetu alikuwa anajulikana kwa macho. Bikizee mwenye macho mekundu, mjane, anaishi peke yake, kwisha habari yake. Kuni Shinyanga ni shida. Bibi alipikia samadi iliyokauka na miti ya pamba maisha yake yote, ndani ya jiko la matope lisilo na hata tundu la kupumulia. Macho yangekuwaje? Wanawake wote wa pale walikuwa wanaelekea hukohuko, ni vile tu Bibi alitangulia kuzeeka. Wakarusha mawe juu ya bati lake, na shangazi mmoja akapiga simu kabla hayajaja mengine. Mpaka leo nikifikiria yale mawe napandwa na hasira, nasema ukweli.

Wakati huo Baba alikuwa na kazi moja iliyomsumbua. Mzee Feruzi, mfanyabiashara wa pale mjini, mtu mwenye asili ya pwani, mcheshi, kofia yake nyeupe haimtoki kichwani, alikuwa amenunua mashua ya tanga kwa mzungu mmoja aliyemaliza kazi migodini na kurudi kwao. Mashua nyeupe, ina kijumba ndani chenye vitanda, na juu ya kijumba kuna madirisha mawili ya kufungua kwa kusukuma juu, yenye vioo vya plastiki nene. Ilikuwa imekaa juani muda mrefu, na vile vioo vilikuwa vimeharibika. Ukivitazama unaona nyufa ndogondogo maelfu, nyembamba kama nywele, zimejaa kila mahali mpaka kioo kimekuwa cheupe na hakioneshi kitu.

"Fundi, hiki kioo au ukungu wa asubuhi?" Mzee Feruzi aliuliza. "Nataka sikukuu ya Idi niwatembeze wajukuu zangu ziwani. Mvua ikinyesha inavuja, jua likiwaka hamna mwanga. Kisugue bwana, king'ae."

"Hakisuguliki, mzee," Baba akasema. Akapitisha ukucha juu yake. "Nyufa haziko juu hapa, ziko ndani ya plastiki yenyewe. Jua limekila. Na kuna mtu alikuwa anakisafisha kwa petroli, ndiyo kabisa akakimaliza. Hiki ni kukitoa tu, tuweke kingine."

"Aa, mtu mwenyewe ni mimi," Mzee Feruzi akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Niliona petroli inatoa uchafu vizuri."

Nilikaa nikatazama kile kioo. Nilikigusa, nikachungulia upande wa pili, nikaona mkono wa Baba kama kivuli. Nikafikiria macho ya Bibi. Nikamuuliza Baba mbele ya Mzee Feruzi, "Baba, na ya Bibi utayabadilisha lini?"

Mzee Feruzi akacheka tena, halafu akamwona Baba usoni, akaacha. Alikuwa anajua kwa nini Bibi yuko kwetu. Chato si kubwa. Akavua kofia yake, akaipangusa, akaivaa. "Mtoto huyu," akasema taratibu.

Kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa namkagua Bibi macho. Ulianza kama mchezo. Anakaa kwenye mkeka nje, namshika kidevu, namvuta kope ya chini kwa kidole, natazama. "Haya daktari, leo yakoje?" ananiuliza kwa Kiswahili chake kilichojaa Kisukuma. "Bado, Bibi," namwambia. "Wabeja, daktari," ananishukuru, "tutaona kesho." Na kesho yake tena, bado. Kwetu tulipikia mkaa, hakukuwa na moshi, na Mama alikuwa anamuosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Yalipungua kidogo, yakaacha kutoa machozi, lakini wekundu wenyewe ulikataa kuondoka. Nilisema "bado" kwa sauti ya furaha kabisa, maana kila bado ilikuwa na maana kwamba Bibi analala tena nyumbani kwetu.

Yeye alitaka kwenda kwake. Hilo nalo nalijua sasa. Alikuwa anatazama ziwa kama mtu anayetazama ukuta. "Maji mengi hivi, ng'ombe hata mmoja hakuna," alikuwa anasema. Alimwambia Baba nikiwa nasikia, "Nirudishe, mwanangu. Nitafia ugenini hapa, nani atanizika na wenzangu?"

"Mayu, mama yangu, wewe wanakutafuta," Baba akamjibu. "Wakiona hayo macho wanaanza tena."

"Basi nitayafumba."

"Utapika umefumba macho?"

Bibi akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, kama cha msichana. Baba hakucheka hata kidogo. Aliinuka, akaenda kusimama karibu na mashua ya Mzee Feruzi, akaweka mkono juu ya lile dirisha la juu, akalifungua, akalifunga. Akalifungua tena. Mama alimtazama kwa mbali akasema kwa sauti ndogo kwamba huyu sasa amepata wazo, na akishapata wazo hali chakula.

Plastiki mpya Mzee Feruzi aliiagiza Mwanza, ikaja ubao mzima uliofunikwa karatasi pande zote mbili. Baba hakuitoa ile karatasi. Alifungua skrubu za fremu ya zamani, akatoa kioo kilichochakaa polepole kwa kisu chembamba, akakilaza juu ya ubao mpya, akakifuatisha kwa penseli pembeni yote. Kukata alikata kwa msumeno wa meno madogo, taratibu mno, anasimama, anamwagia maji, anaendelea. Ukienda haraka inapata moto, inayeyuka nyuma yako na kugandana tena. Matundu aliyatoboa kwa keekee ya mkono, makubwa kidogo kuliko skrubu. Nilimwambia, "Baba umekosea, yanacheza." Akasema hapana, plastiki hii jua likiwaka inavimba, usipoiachia nafasi inapasuka. Pembe akazilainisha kwa msasa mpaka ukipitisha shavu hulii.

Halafu silikoni. Hapo ndipo ile harufu ilipoingia maishani mwangu. Alitandaza utepe mnene kwenye fremu, akakilaza kioo juu yake, akaweka skrubu na kuzizungusha kwa vidole tu, zikakaa kilegevu. Nikachukua bisibisi nimpe.

"Leo hapana," akaniambia. "Ukikaza leo silikoni yote inakamuka, kesho linavuja. Unaiacha ilale. Kesho ikishashika, ndiyo unakaza."

Alipomaliza yale madirisha mawili ya mashua, kipande kikubwa cha plastiki kilibaki. Mzee Feruzi alikuja kutazama kazi yake, akaingia kwenye kijumba, akasikika anasema Mashallah humo ndani kwa mwanga alioukuta. Akatoka, akakiona kile kipande kimeegemezwa ukutani, kimekwisha kukatwa, na pembeni yake fremu ya mbao ngumu yenye bawaba. Hakuuliza ni cha nani. Alisema, "Fundi, mrija wa silikoni nao chukua. Mimi nitakula?" Baba akamshukuru sana, akainamisha kichwa kama mtoto aliyepewa zawadi.

Jioni ile alimweleza Bibi, na mimi nikiwa katikati yao. Atakata bati la paa la jiko lake, juu kabisa ya mafiga. Ataweka dirisha la mashua. Akipika anasukuma kwa mti, linafunguka, moshi wote unatoka. Mvua ikinyesha analifunga, na bado anapata mwanga kama yuko nje. Macho yatapumzika. Taratibu yatakuwa meupe. Na yakiwa meupe hakuna wa kumsemea kitu.

"Mimi nitapikia ndani ya mashua?" Bibi akauliza.

"Ndiyo, Mayu."

"Kule kusiko na hata dimbwi!" Alicheka, halafu akalia, akamshika Baba mkono wenye gundi na vumbi la plastiki akauweka shavuni. "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana." Baba aliahidi kwamba mvua zikiisha watakwenda pamoja, alifunge kwa mkono wake mwenyewe. Kile kioo kikawekwa chumbani kwetu, kimefungwa kwenye blanketi. Bibi alikuwa anafunua blanketi kila siku na kukitazama, akikipangusa kwa upindo wa kanga.

Bibi hakuzimaliza mvua hizo. Kifua kilimbana. Alikuwa na kikohozi siku zote, tulikizoea kama tulivyozoea mlango wetu unaolia, lakini safari hii kilimlaza. Hospitali daktari alimwambia Baba kwamba mapafu ya bibi huyu ni kama ya mtu aliyevuta sigara toka utoto. "Hakuwahi kuvuta," Baba akasema. "Alikuwa anapika." Asubuhi ya mwisho niliyomwona alikuwa kitandani, nikamshika kidevu kama kawaida. Hakuniuliza yakoje. Nilimwambia tu mwenyewe, "Bado, Bibi," na Mama akanitoa nje kwa kunivuta mkono. Nilipotoka shule watu walikuwa wamejaa uani kwetu, na wanawake wameketi chini.

Tulimsafirisha kwenda kwao. Baba alikodi gari dogo la mizigo, jeneza likalazwa nyuma, na pembeni ya jeneza, ndani ya blanketi, kioo na fremu yake. Tukapita Geita, tukashika njia ya Kahama, vumbi tupu licha ya mvua, tukapita Isaka malori yamejipanga foleni ndefu yanasubiri mizigo. Baba alikaa nyuma njia nzima, mkono mmoja kwenye jeneza, mkono mwingine kwenye blanketi. Mimi nilikuwa mbele na Mama. Nililia mpaka Isaka, halafu nikapata matumaini ya kitoto. Nikajiambia, kama Baba amebeba dirisha, basi kuna kitu wakubwa hawajaniambia.

Tulifika mchana. Waombolezaji walikuwa wengi, kijiji kizima, hata wale wa mawe. Baba alishusha jeneza na wenzake, akaliingiza ndani, akasalimia wazee, shikamoo zote akazimaliza. Kisha akachukua mkasi wa bati na ngazi, akapanda juu ya paa la jiko la mama yake, akaanza kukata.

Jamani, watu walishangaa. Msiba uko ndani na mwenye msiba yuko juu ya paa! Nilisikia wanaume wakiambizana kwamba Luhende amechanganyikiwa. Mzee mmoja alimwita ashuke, akamwambia, "Baba Kabula, nani atapika humo sasa?" Baba hakugeuka. "Nilimwahidi," alisema. Mama akaenda kusimama chini ya ngazi, akaishika isiteleze, akawaambia wote, "Mwacheni." Alikuwa mpole siku zote mama yangu, lakini pale wanaume walisogea nyuma. Baba akafunga fremu, akatandaza silikoni, ile harufu ikashuka mpaka uani, akalaza kioo, akazungusha skrubu kwa vidole. Akashuka na bisibisi yake mfukoni.

Kesho yake tukamzika. Baada ya kuzika watu wakakaa uani kungoja chakula. Jiko la Bibi lilikuwa pale, linawaka mwanga ndani kama kuna mtu kawasha taa, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyetaka kuingia humo. Walikuwa bado wanaogopa. Wakapikia nje, kwa samadi na miti ya pamba iliyolowa, na moshi ukatambaa uani kote, ukawaingia wote, wanaume kwa wanawake. Juu ya moshi kulikuwa na kilio. Mama Shija ndiye aliyekuwa anasonga ugali, na ndiye aliyekuwa analia kuliko wote, maana Bibi ndiye aliyemzalisha watoto wake, hata yule aliyefariki.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mguu wa Baba. Nikawatazama mmoja mmoja, kama nilivyokuwa nikimtazama Bibi asubuhi. Mama Shija. Yule mzee. Shangazi zangu. Vijana waliochimba kaburi. Nikashtuka kweli, nikawahurumia.

"Baba," nikasema, na sauti ya mtoto msibani inasikika mpaka mbali. "Baba, mbona wote macho yao ni mekundu? Na hawa nao watahama?"

Mwiko wa Mama Shija ukasimama ndani ya sufuria. Mtu mmoja akakohoa, wengine wakainamisha vichwa, na Mama Shija akajifunika uso kwa kanga, akakaa chini palepale kwenye majivu. Sikuelewa nimesema nini. Nilidhani nitapigwa.

Baba hakunipiga wala hakunikaripia. Aliwatazama kwa muda, na yeye macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mtu yeyote pale.

"Hapana, mwanangu," akaniambia. "Hawa watabaki kwao."

Kisha akaniondoa mguuni kwake, akatoa bisibisi mfukoni, akapanda ngazi kwenda kukaza skrubu, maana silikoni ilikuwa imeshashika.